Utovu wa nidhamu darasani: maana yake, chanzo chake na madhara yake

Utovu ni ukosefu, ndiyo maana tunasema mtovu wa adabu, mtovu wa haya. Utovu wa nidhamu darasani ni tabia yoyote ya mwanafunzi inayokatiza somo, inayowanyima wenzake nafasi ya kujifunza au inayohatarisha usalama wao. Kupiga soga mwalimu akiwa ubaoni, kumtania mwenzake mpaka alie, kugoma kuandika, kutoka bila ruhusa, kupigana: yote yamo. Mtoto anayesinzia saa tano asubuhi kwa sababu ametembea mwendo mrefu bila kunywa hata chai hayumo, ingawa mara nyingi naye huamshwa kwa fimbo.

Sababu zinazotajwa sana ni malezi na makundi ya rika, na ni za kweli. Mtoto anayeona kila ugomvi wa nyumbani ukimalizwa kwa ngumi atakuja na ngumi hizo shuleni. Kuna pia msongamano. Tanzania ilipoanza kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne, Januari 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani waliingia darasani, jambo jema kabisa. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi 90 chumba kimoja hawezi kupita katikati ya madawati, na asikofika, soga hunoga.

Sababu ninayoona inasahaulika kuliko zote ni kutoelewa somo. Shule zetu nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Niliwahi kufundisha Biolojia darasa lenye kijana mmoja mcheshi kupita kiasi. Nikimwelekezea swali, anajibu kichekesho, darasa zima linaangua kicheko, na dakika tano zimeyeyuka. Siku moja nilimwita nje nikamuuliza kwa Kiswahili: usanisinuru ni nini? Akanieleza bila kusita: mmea unachukua maji na hewa ya kabonidayoksaidi, unatumia mwanga wa jua, unajitengenezea chakula. Alilijua tangu shule ya msingi. Kilichomshinda ni jina lake la Kiingereza, na kuchekesha kulimwepusha na kuchekwa.

Madhara yake ya kwanza ni muda. Kipindi kimoja ni dakika 40. Ukipoteza dakika tano tu kunyamazisha watu katika kila kipindi, kwa vipindi vinane umepoteza kipindi kizima kwa siku. Wanaoumia zaidi ni wale wa katikati, wasio watukutu wala vinara, ambao hawaulizi kitu na hakuna anayewauliza. Mwalimu naye huchoka. Anaanza kujaza ubao notisi ili mikono ya wanafunzi iwe na kazi, na ufundishaji unaishia hapo.

Kwa mkosaji mwenyewe, madhara yanazunguka na kumrudia. Anatolewa nje kupiga magoti, anakosa mada, kesho haelewi zaidi, anapiga kelele zaidi. Fimbo haivunji mzunguko huo. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001. Mtafiti wa Marekani Jacob Kounin alilinganisha walimu wenye madarasa tulivu na wenye madarasa ya vurugu, akakuta hawatofautiani sana katika namna ya kushughulikia kosa likishatokea. Tofauti ilikuwa kabla ya kosa: wale wa kwanza huona kila kona ya darasa na hawaachi somo lipoe.

Mwalimu mwenzangu, jaribu jambo moja wiki hii. Chukua karatasi ya wapiga kelele anayoandika monita, iweke kando ya matokeo ya jaribio lako la mwisho. Kwangu mimi, majina saba kati ya tisa ya karatasi ile yalikuwa ya waliopata chini ya alama 30. Tangu hapo kila mada mpya naianza kwa dakika tatu za Kiswahili, na yule kijana ndiye huwa wa kwanza kunyoosha mkono.