Balansi: neno linalobebeshwa makosa yote ya spika

Balansi ya spika ni hali ya pande mbili, kushoto na kulia, kutoa sauti yenye uzito mmoja kwa msikilizaji aliyekaa katikati. Kitufe cha balansi kwenye amplifaya huhamisha uzito huo kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Maana ni hiyo tu.

Shida iko kwenye matumizi. Hapa Lamu, kuanzia mtaa wa Langoni hadi majumba ya Shela yenye spika za bei ya mashua, upande mmoja ukififia sentensi ni ile ile: "Fundi, balansi imekufa." Tuita, kile kipande kidogo cha sauti nyembamba, ikiungua, balansi imekufa. Waya ukiliwa na chumvi, balansi imekufa. Nyekundu ikifungwa penye nyeusi, balansi imekufa. Fundi naye, kwa kuwa ameitiwa balansi, anakiendea kitufe, anakizungusha kutoka saa sita hadi saa nane, mwenye nyumba anasema ahsante, na kosa linabaki ndani linaendelea kula kifaa. Neno limempeleka fundi mahali pasipo na ugonjwa.

Tulitazame neno lenyewe. Waingereza wana "balance", nao walilipata kupitia Kifaransa, na mzizi wake ni Kilatini: "bilanx", yaani sahani mbili. Ni sahani za kupimia. Sisi hatukuhitaji kuazima kwao, maana Kiarabu kilikwisha kutupa mizani, kutoka mzizi uleule uliozaa uzani. Aliyewahi kusimama kwa sonara wa Lamu akipimiwa fedha anaijua kazi ya mizani: sahani moja ikipanda, sonara anajua upande huo umepungua. Hapindi mhimili ili sahani zilingane. Akifanya hivyo tutamwita mwizi. Mizani inasema kuna upungufu, na inasema uko upande gani. Upungufu umetoka wapi, hilo haliko kwenye kazi yake.

Watu wa Lamu wana ushahidi wa pili, wa karibu zaidi, kwa sababu mizani ni neno la mashairi. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, nane kwa nane. Chukua huu: "Sikio langu sikia, kulia kwanong'oneza." Hesabu silabi, zimetimia. Sasa weka "kulia kwanong'ona" mwishoni. Zimekuwa saba. Mwimbaji hodari ataivuta "kwaaa" hadi pengo lisisikike, na wasikilizaji watapita wasijue. Lakini mshairi akilipokea shairi mkononi hakuiti kuvuta huko mizani. Ataliita pungufu, na atarudi kwenye neno lililopungua. Kitufe cha balansi ni ule uvutaji wa mwimbaji: kinaziba pengo kwa muda, kwa sikio, na kwa gharama, kwani katika amplifaya nyingi hakiongezi chochote upande mdhaifu. Kinapunguza ule mzima.

Kwa hiyo msikilizaji anayesema balansi imekufa anaweza kuwa amesikia jambo mojawapo kati ya matatu yasiyo na undugu. La kwanza, upande mmoja una sauti ndogo, lakini kila kitu kimo: besi, maneno, matoazi, vyote vimepungua pamoja. Hilo peke yake ndilo la balansi. La pili, upande mmoja ni butu: sauti inatoka kwa nguvu ileile lakini kama imefunikwa blanketi, herufi "s" hazisikiki, au kinyume chake, ni nyembamba haina kifua. Hapo kuna kipande cha spika kisichofanya kazi. La tatu, pande zote mbili zina nguvu sawa na zote ni safi, ila katikati hakuna mtu. Sauti ya mwimbaji imetawanyika chumbani, na besi imekimbia.

Hili la tatu ndilo linalostahili maneno zaidi, kwa kuwa ndilo linaloitwa balansi kwa makosa makubwa kuliko yote. Jina lake ni fezi. "Stirio" imetoka kwa Kigiriki "stereos", kitu kigumu chenye umbo, na mhandisi Alan Blumlein aliyeomba hataza ya sauti ya njia mbili huko Uingereza mwaka 1931 alikuwa akitafuta hilo umbo: mwimbaji asimame mahali ambapo hakuna spika. Ili asimame, spika mbili lazima zisukume hewa pamoja na kuvuta pamoja. Ukifunga waya mwekundu penye nyeusi upande mmoja tu, moja inasukuma huku nyingine inavuta, na kwenye besi zinafutana. Hakuna kilichoharibika. Sahani za mizani ziko sawasawa kabisa. Dalili yake ni hii: zungusha balansi yote upande mmoja. Ikiwa besi inaongezeka pale spika moja inapobaki peke yake, waya zimepishana. Zima, badilisha nyekundu na nyeusi nyuma ya spika moja tu, washa. Kama unashuku kosa liko ndani ya kasha, betri ya volti 1.5 ikigusishwa kwa sekunde moja kwenye waya za spika, chanya kwa nyekundu, itasukuma nje koni ya wufa, kile kipande kikubwa cha besi. Ikiingia ndani, imegeuzwa. Betri usiigusishe kamwe kwenye tuita.

Kabla ya kulaumu kifaa chochote, kaa mahali unapokaa siku zote na uweke kitu kilichorekodiwa kwa njia moja, sauti ya mtu mmoja. Sahani za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 ni kipimo kizuri, kwa sababu stirio haikuwapo: sauti yake haina ruhusa ya kuegemea popote. Ikiegemea, uliyoisikia ni kweli. Nyimbo za stirio za zamani haziaminiki kwa kazi hii, baadhi yao zilimweka mwimbaji upande mmoja makusudi. Kisha geuza kiti, uzipe spika mgongo. Ikiwa upande mdogo umehamia spika ya pili, kosa liko kwenye sikio lako, na dawa yake iko hospitalini. Tazama pia simu inayopiga muziki: ndani ya mipangilio ya usikivu kuna mstari wa kushoto na kulia, na kidole cha mtoto kinatosha kuusogeza.

Baada ya hapo ni kubadilishana, na kila ubadilishaji unajibu swali moja. Zima amplifaya kwanza, kwani nyuzi za waya wa spika zikigusana ikiwa imewashwa inaweza kuungua. Hamisha waya za spika pale nyuma ya amplifaya, wa kulia uende kushoto na wa kushoto uende kulia. Udhaifu ukibaki kwenye spika ileile, kosa liko kwenye spika au waya wake. Ukihama, kosa liko nyuma yake, kwenye amplifaya au kinacholisha amplifaya. Rudisha waya za spika mahali pake, kisha badilisha waya nyembamba zinazoingia: ukihama tena, ni chanzo au waya huo, usipohama, ni amplifaya. Ukikuta udhaifu umebaki kwenye spika, sogeza spika zenyewe, moja ikae mahali pa mwenzake. Udhaifu ukibaki mahali palepale chumbani, basi si spika, ni chumba.

Kwenye spika za bei kubwa anza nyuma, chini, penye vifungo vinne. Vifungo viwili ni vya tuita na viwili vya wufa, na kati yao kuna vipande vya bati vinavyoviunganisha. Katika hewa yetu, hapo ndipo kosa hukaa mara nyingi. Shika nati kwa vidole: mara nyingi inazunguka bila kukaza, kwa sababu mtikisiko wa besi umeilegeza mwaka baada ya mwaka. Toa kipande. Juu kina dhahabu, safi, lakini upande uliobanwa una ukungu wa kijani, na ukiukwaruza kwa kucha unatoka unga. Ukungu huo umekata tuita yote ya spika moja, na mwenye nyumba amekuwa akisukuma balansi kwa miezi. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, kisha kwa kifutio cha penseli. Msasa usitumie penye dhahabu, utaing'oa na shaba iliyo chini itaota kutu haraka zaidi. Waya wenyewe ukate hadi uone shaba inayong'aa. Chumvi hupanda ndani ya plastiki, kwa hiyo sentimita tano zinaweza kwenda kabla hujapata pazuri. Menya sentimita moja na nusu, sokota, kaza.

Mita ya fundi itasaidia, lakini ijulikane inachosema. Spika ya ohmu 8 kwa kawaida inasoma kati ya 6 na 7, ya ohmu 4 inasoma 3 na kidogo, na ukipima mbili zinapaswa kukaribiana. Ukipima kwa nyuma, hata hivyo, tuita iliyokufa haitaonekana: ndani ya kroseva, inayogawa sauti kati ya tuita na wufa, kuna kapasita inayozuia mkondo wa mita, basi mita inasoma wufa peke yake na kusema yote ni heri. Tuita itolewe waya zake, ipimwe yenyewe. Mita isiposoma kitu, imekatika. Wufa nayo bonyeza koni yake taratibu kwa vidole vilivyotandazwa pande zote: ikikwaruza, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua au imetoka mahali. Kumpelekea wufa wa namna hiyo nguvu zaidi ni kumalizia kazi ya moto.

Kwenye amplifaya dalili mbili zinatosha. Ikiwa upande mmoja umelala sauti ikiwa ndogo, na unaamka ghafla ukipandisha volyumu, ni relei, yaani swichi ya ndani inayojiwasha kwa umeme, au swichi ya spika, kontakti zake zimepata kutu. Ikiwa pande zinatofautiana volyumu ikiwa chini kabisa tu, kisha zinalingana ukipandisha, ni volyumu yenyewe: ndani yake kuna njia mbili zisizofanana sana mwanzoni. Ikikwaruza, zima, pulizia dawa ya kontakti, zungusha mara thelathini. Isiyokwaruza iache, ndivyo ilivyotengenezwa.

Chumba nacho kina haki ya kulaumiwa, hasa nyumba za mawe. Vyumba vya mtaa wa Mkomani ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Spika moja inaishia kwenye kona ya ukuta mnene, nyingine inaishia karibu na mlango wa kuelekea kiwandani, yaani uani. Ya kona inaongezewa besi na kuta, ya mlangoni besi yake inatoka nje. Vuta ile ya kona sentimita thelathini mbele na usikilize tena. Kisha chukua utepe, pima kutoka kila tuita hadi mahali pa kichwa. Kwa joto letu sauti inakwenda kama mita 349 kwa sekunde, hivyo sentimita 35 ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, na sikio humtaja aliyetangulia kufika: mwimbaji atavutwa upande wa spika iliyo karibu hata kama zina nguvu sawa. Iwapo mahali pa kukaa hapawezi kuhama, hapo balansi ya kitufe ina kazi yake halali, kwani iliwekwa kwa ajili hiyo. Tumia programu ya kupima desibeli kwenye simu, iweke penye kichwa, piga mvumo uleule kwa kila spika peke yake. Namba kamili si muhimu, tofauti ndiyo unayoitaka. Ikiwa chini ya desibeli 1, usiguse kitu. Desibeli 3 ni nguvu maradufu, na hilo lina sababu inayoweza kupatikana.

Basi, ndugu zangu, mkimwita fundi tena, mwambieni mlichosikia: kulia ni ndogo, au kulia ni butu, au katikati hakuna mtu. Neno balansi libaki kwa ile ya kwanza. Na kabla hajafika, rudisheni kitufe saa sita, asikie mnachokisikia nyinyi.