Ziada ya ATM ni pesa ya mtu: jinsi mashine za nje ya tawi zinavyojazwa na kutunzwa

ATM iliyo ukutani mwa tawi ina mgongo. Nyuma yake kuna chumba chenye mlango wa chuma, keshia anaijaza akiwa ndani, na pesa haitoki nje ya jengo. Ile iliyo kwenye kituo cha mafuta, supamaketi, hospitali au chuo haina mgongo huo. Kila noti inayoingia humo imepita barabarani, na kila anayeifungua anaifungua mahali watu wanapita. Wengi wetu hapa Tanzania tukiona gari la fedha limesimama na askari kashika bunduki, tunadhani usalama wote umekaa kwenye bunduki. Bunduki ina kazi yake, lakini kinachoizuia pesa isipotee ni hesabu, na hesabu hiyo inaanza kabla gari halijawashwa.

Mashine ya kawaida ina kaseti nne za kutolea pesa, yaani visanduku vya kupangia noti, na kisanduku kimoja cha noti zilizokataliwa, ambacho mafundi na makeshia wanakiita rijekti. Kaseti moja hubeba noti 2,000 na zaidi kidogo, kutegemea aina ya mashine na uchakavu wa noti zenyewe. Tuseme kaseti tatu zina noti 2,000 za shilingi 10,000 kila moja, na ya nne ina noti 2,000 za 5,000. Hapo kuna shilingi milioni 70. Mashine nyingi hazitoi zaidi ya noti 40 kwa mkupuo, ndiyo maana wateja wamezoea kikomo cha 400,000 kwa muamala mmoja. Piga hesabu: watu 150 wakitoa kiwango hicho, kaseti zote tatu za elfu kumi zimekwisha. Siku ya mshahara, watu 150 wanaweza kupita kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo anayepanga kiasi cha kupakia anaangalia kalenda kwanza: mishahara ya mwisho wa mwezi, Idi, Krismasi, wikiendi ndefu, kufunguliwa kwa vyuo. Hawezi kujaza tu mpaka pomoni, kwa sababu bima ina kikomo kwa kila mashine, na pesa iliyolala ndani ya chuma haimsaidii mtu.

Noti zinazokwenda ATM huchambuliwa. Pini, rababendi na utepe vyote vinatolewa; kipande kimoja cha utepe wa gundi kinatosha kusimamisha mashine nzima. Noti mpya kabisa ndizo zinazowadanganya wageni wa kazi hii. Zinaonekana safi, lakini zinashikamana, na mashine inachomoa mbili mahali pa moja. Zipepee kwa vidole upande mmoja, zigeuze, zipepee upande wa pili, ndipo uzipange zikiwa zimelingana kingo. Kaseti isishindiliwe: noti zikibanwa sana hazichomoki, zikilegea zinalala na kuingia kimshazari. Ikishafungwa, inawekwa sili yenye namba, namba inaandikwa kwenye fomu, na watu wawili wanatia sahihi.

Kosa baya kuliko yote katika hatua hii ni kupakia noti za 10,000 kwenye kaseti iliyosajiliwa kuwa ya 5,000. Mashine ya kawaida haisomi thamani ya noti wakati wa kutoa. Inatambua kaseti, kwa pini au sumaku ndogo zilizopangwa ubavuni au nyuma yake, na inaamini kilichomo ni kile kilichosajiliwa. Mteja akiomba 50,000 inaweza kumpa 100,000, na habari hiyo husambaa mtaani haraka sana. Kwa sababu hiyo hiyo, nchi ikibadili noti zake, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2019, haitoshi kupakia noti mpya. Vibao vya ndani ya kaseti vinapangwa upya kwa vipimo vipya, na vihisi vya unene vinafundishwa upya, mashine moja baada ya nyingine.

Safarini kanuni ni chache: njia na saa zisizoee kufanana, wanaojua ratiba wawe wachache, dereva asitoke kwenye usukani. Kikosi kikifika, pesa haishuki kwanza. Anashuka mtu, anatazama eneo, kisha anaikagua sura ya mashine kwa mkono: mdomo wa kadi unatikisika? Vitufe vimenyanyuka kuliko kawaida? Kuna kipande cha plastiki juu ya skrini ambacho jana hakikuwepo? Vifaa vya kuiba taarifa za kadi hubandikwa hapo hapo, na mara nyingi kikosi cha kujaza pesa ndicho cha kwanza chenye nafasi ya kuviona.

Sefu ya chini imefungwa kwenye sakafu kwa boliti, na haifunguliwi na mtu mmoja. Mmoja ana ufunguo, mwingine ana namba. Kufuli za siku hizi hutumia namba ya mara moja, inayotolewa na kituo cha usimamizi kwa kazi ile tu, ikishatumika, imekufa. Mimi nasisitiza jambo ambalo baadhi ya vikosi hulegeza wakiwa na haraka: wawili hao wabaki wawili mpaka mlango ufungwe. Mwenye namba akienda kununua maji huku sefu iko wazi, utaratibu wote umebaki kwenye karatasi.

Kabla ya kugusa kaseti, mashine inaondolewa kwenye huduma na kuchapishwa hesabu zake za ndani: zilizopakiwa, zilizotoka, zilizobaki, zilizokataliwa. Karatasi hiyo ndiyo shahidi. Ukichomoa kaseti kwanza au ukirudisha kaunta (kihesabio cha ndani cha mashine) kwenye sifuri kabla ya kuchapisha, umemfukuza shahidi, na benki italazimika kuitafuta hesabu kwenye rekodi za kielektroniki. Baada ya hapo kaseti za zamani zinatoka zikiwa na noti zilizobaki, pamoja na rijekti, zinafungwa kwa sili, na kaseti zilizojaa zinaingia. Kuna wanaopenda kuongezea noti juu ya zilizobaki ili kuokoa muda. Kwa mashine ya nje ya tawi, huo ni utaratibu mbaya. Noti za mizunguko miwili zikichanganyika, tofauti ikitokea hujui ni ya wiki hii au ya wiki iliyopita.

Sasa hesabu yenyewe. Kaseti ilipakiwa noti 2,000 za elfu kumi. Kaunta inasema zimetoka 1,846, zimebaki 137, zimekataliwa 17. Jumla ni 2,000, safi. Lakini kule benki, makeshia wawili wakihesabu chini ya kamera, kwenye rijekti wanakuta noti 21. Kuna ziada ya noti nne, shilingi 40,000.

Hapa ndipo roho yangu ilipo. Upungufu unamshtua kila mtu, na sawa, utafutwe: huenda noti mbili zilitoka zimeshikana, huenda kuna iliyonasa kwenye mikanda, huenda kaseti ilihesabiwa vibaya tangu mwanzo, huenda kuna mkono. Ziada haimshtui mtu, na kwangu ndiyo ya kuogopa zaidi. Noti nne zilizoingia rijekti huku rekodi ikisema zimetoka, karibu kila mara maana yake ni kwamba kuna mteja aliyekatwa 40,000 na hakupata kitu. Pesa ile si mapato ya benki. Inakaa kwenye akaunti ya kusubiri, rekodi ya mashine inalinganishwa na ya swichi, mfumo unaopitisha miamala kati ya mashine na benki, muamala kwa muamala, na ikipatikana, mteja anarudishiwa hata kama hajalalamika. Huenda hata si mteja wa benki hiyo: kwenye mtandao wa pamoja kama UmojaSwitch, kadi ya benki moja inatoa pesa kwenye mashine ya benki nyingine, na marejesho yanapita kati ya benki mbili. Kuna ziada isiyo na mwenyewe nje ya benki, kwa mfano noti za majaribio ambazo fundi alizitoa kupima mashine zikaenda rijekti, na hakuna aliyeandika idadi. Andika idadi.

Ukarabati una ngazi mbili. Ya kwanza ni ya kikosi: kutoa karatasi iliyonasa, kuweka roli la risiti, kupitisha kadi ya kusafishia yenye spiriti kwenye kisomeo cha kadi, kupuliza vumbi. Ya pili ni ya fundi mhandisi, na fundi haachwi peke yake na sefu iliyo wazi. Kompyuta, skrini na kisomeo viko kisanduku cha juu chenye kufuli lake. Pesa iko chini. Mara nyingi kazi ya fundi inaishia juu. Akihitaji kushuka chini, kaseti zinatolewa na wenye dhamana kwanza.

Vinavyoharibika vinajulikana. Mashine zinazochomoa noti kwa kunyonya hewa zina vikombe vidogo vya mpira. Vikipasuka, utaona rijekti inajaa haraka kabla mashine haijagoma, kwa hiyo kaunta ya rijekti ikipanda, agiza vikombe, usisubiri. Zinazotumia rola huchakaa rola. Vumbi la barabara huziba vihisi vya njia ya noti. Pwani, hewa ya chumvi inakula viunganishi. Umeme ukikatika na betri za UPS, kifaa cha akiba ya umeme, zikiwa zimechoka, mashine inaweza kuzimika katikati ya muamala, noti zikabaki njiani, na hapo tumerudi kwenye ziada.

Ukikatwa bila kupata pesa, andika saa kamili, kiasi, na namba ya mashine. Iko kwenye risiti, na mara nyingi imebandikwa kwenye mashine yenyewe. Ripoti kwa benki iliyokupa kadi, siku hiyo hiyo kama unaweza. Kwa taarifa hizo tatu, anayehesabu anaupata muamala wako kwenye rekodi na kuulinganisha na noti nne zilizo mezani kwake.