Kamera haipigi hodi

Juzi niliitwa duka moja la vitambaa, Mji wa Kale, kamera zinakatika picha. Nilipowasha skrini nikasahau kilichonileta. Kamera ya nne ilikuwa imelenga ng'ambo ya kichochoro, dirishani kwa jirani. Ndani, mama mmoja alikuwa akikunja nguo, kichwa wazi, kwake nyumbani. Niligeuza uso. Nywila ilikuwa ileile ya kiwandani, na simu tano zilikuwa zikiingia humo. Mwenye duka alizitambua mbili.

"Mwanangu, mimi nalinda mali yangu tu."

"Ami, mali yako iko huku ndani."

Mimi hufunga hizi mashine kila siku, na nasema jicho la kamera ndilo jambo dogo. Jirani akikuona ukipita, kesho ameshasahau. Mashine huweka: diski ya terabaiti 1 kwa kamera nne hukaa na picha kama wiki mbili ndipo ianze kufuta za zamani. Ukiongeza programu ya kutambua nyuso, hutafuti tena tukio, unamtafuta mtu: alipita wapi, na nani, mara ngapi. Nayo hukosea. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni tatu zinazokisia jinsia kwa kuangalia uso. Kwa wanawake wa ngozi nyeusi kosa lilifika asilimia 34.7, kwa wanaume weupe halikufika asilimia 1. Katika mji ambao akina mama wamezunguka vituo vya polisi wakiwatafuta wana wao, sitaki mashine ya kukisia iwe shahidi wa mtu.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujulishwa taarifa zako zinatumiwa vipi, na ya kuomba kuziona. Wateja wangu wengi hudhani hayo ni ya mabenki.

Niligeuza kamera ikatazama mlango wa duka, nikabadilisha nywila, nikazitoa simu zote. Kisha nikamwomba ami tuvuke pamoja. Tukapiga hodi. Yeye ndiye aliyeeleza, macho chini. Mama akauliza, "Tangu lini?" Miezi minane. Akataka picha zifutwe mbele yake, nikaenda kuileta mashine. Zilizokwisha kupakuliwa kwenye zile simu tatu, sikuweza kumwahidi chochote.