Klachi ya Hilux ya zamani haikati? Usikimbilie kushusha giaboksi

Pikapu ikilala miaka kadhaa uani halafu injini ikafufuliwa, kinachofuata kusumbua mara nyingi ni klachi. Injini inanguruma vizuri, lakini ukikanyaga pedali na kutia rivasi, gia zinasaga. Nazungumzia hapa Hilux za dizeli za 1988 hadi 1997, zenye injini aina ya 2L au 3L na klachi ya mafuta, yaani pedali husukuma mafuta ya breki kwenye bomba.

Zima injini, jaribu gia zote. Zikiingia laini, kisha zikasaga ukiwasha, klachi haikati, yaani haitenganishi injini na giaboksi. Ili uwe na hakika, injini ikinguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, kanyaga hadi chini, hesabu sekunde 10, ndipo utie rivasi. Ikisaga bado, diski ya klachi inaendelea kuzungushwa na injini. Klachi inayoteleza ni ugonjwa mwingine kabisa: kwenye mlima injini inapanda mzunguko, gari halipandi mwendo.

Sasa lala chini ya gari, mwenzako akanyage pedali. Tazama fimbo ya slevu (silinda ndogo ya klachi kwenye giaboksi) inavyosukuma foku, mkono unaoingia ndani kukatisha klachi. Ikisogea milimita 5 au 6 tu, giaboksi haina kosa, tafuta juu, kwenye mafuta na pedali. Pedali ikipata nguvu baada ya kupampu mara tatu nne, kuna hewa. Ikishuka polepole huku umeikanyaga na hakuna tone chini, mpira wa ndani wa masta (silinda ya juu inayosukumwa na pedali) umechoka. Vua kikofia cha vumbi cha slevu: kukiwa na unyevu humo, inavuja. Gusa pia ukuta ulipo nyuma ya pedali, ndani ya kebini, kwa sababu masta huvujia huko na zulia linanyonya yote.

Mafuta ya breki hunyonya maji hewani, na gari lililolala huota kutu ndani ya silinda. Ukikuta vishimo unavyovihisi kwa ukucha, usinunue mipira peke yake. Itakatika tena baada ya muda mfupi. Badilisha silinda nzima. Na anayejazia oili ya injini anavimbisha kila mpira kwenye mfumo, hozi ikiwemo. Tumia DOT 3, chupa mpya iliyofungwa.

Kutoa hewa: spana ya 10 kwenye nipo ya slevu (skrubu ya kutolea hewa), mpira mwembamba ulioishia ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Kanyaga, shikilia, fungua, funga, ndipo uachie pedali. Ukiachia kabla ya kufunga unavuta hewa upya. Kibakuli cha masta kisikauke hata mara moja.

Kisha rekebisha pedali. Uchezaji wa fimbo ya masta, ukipima juu ya pedali, uwe milimita 1 hadi 5. Uchezaji wote wa pedali milimita 5 hadi 15. Hapa ndipo wengi hujidanganya: wanarefusha fimbo ili klachi ikate zaidi. Pistoni ikikosa kurudi mwisho, tundu la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, presha inabaki kwenye bomba, na klachi iliyokuwa haikati inaanza kuteleza na kuungua. Angalia pia pini ya pedali. Tundu likiliwa likawa yai, mkanyago unapotea hapo.

Fimbo ya slevu inasogea vizuri na bado gia zinasaga? Huenda diski imegandia kwa kutu kwenye flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini. Pasha injini moto, izime, kanyaga klachi na breki, tia gia ya kwanza, washa kwa starta mahali palipo wazi mbele. Mara nyingi inabanduka kwa kishindo. Isipobanduka, shusha giaboksi.

Ukishaifungua, pima diski: kina cha vichwa vya riveti kikiwa chini ya milimita 0.3, imekwisha. Beringi ndogo katikati ya flaiwili izunguke laini. Ikijam, huendelea kuzungusha shafti hata klachi ikikata. Sili ya nyuma ya injini na ya mbele ya giaboksi zibadilishwe sasa hivi, ni bei ndogo. Diski ina upande: ikigeuzwa, kitovu chake kinagusa flaiwili na umerudi ulikoanzia. Grisi kidogo sana kwenye meno ya shafti. Bolti za presha pleti (sahani inayoibana diski) zikazwe kwa zamu, mkabala kwa mkabala, hadi 19 Nm.