Mbuzi nyuma ya mlango, au jinsi ya kulikamata neno usilolijua

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Kiswahili Tanga nilipanga kwa bibi mmoja, siku hiyo akaniambia "mwanangu hebu niletee mbuzi hiyo hapo nyuma ya mlango nikune nazi", basi mi mtoto wa Njombe nikatoka nje nikazunguka nyumba nzima natafuta mbuzi. Bibi alicheka mpaka machozi. Mbuzi yake ni kile kigoda chenye chuma cha meno kwa mbele, unakikalia unakuna nazi.

Sasa angalia, jibu lilikuwa ndani ya sentensi ileile. Kasema "hiyo", hajasema "huyo", kwa hiyo mnyama hayupo hapo. Halafu nyuma ya mlango, halafu nikune nazi! Ila sisi wa bara ngeli tunazichapia kila siku, mbuzi hii mbuzi ile, sikio limeshakufa ganzi.

Tangu hapo darasani naanza na ngeli, maana yenyewe baadaye. Sentensi ninayoipenda ni hii: "Mama akakuna nazi mbili, akatia maji, akaziweka kwenye kifumbu akakamua tui, machicha akawarushia kuku." Wanafunzi wa bara wananasa kwenye kifumbu na machicha. Ukiwauliza kifumbu ni nini wananyamaza wote, lakini uliza kinafanya kazi gani utaona mikono inapanda, kwa sababu nazi imeingia humo, ikakamuliwa, na kilichotoka ni tui, basi ni kitu kinachozuia makapi na kupitisha maji. Kuna mmoja akasema chujio. Safi, twende! Kwamba kimesukwa kwa ukili, ule utepe wa majani uliosukwa, hilo huwezi kulitoa kwenye ile sentensi hata ukikesha, na kwa kuielewa hadithi hulihitaji. Machicha ndo rahisi zaidi, tui limeshatoka, kimebaki kitu cha kuwarushia kuku, kitakuwa nini kama sio makapi ya nazi?

Kinachowaangusha wengi ni sura ya neno. Niliandika ubaoni "mkwasi kajenga ghorofa, mkata hata kodi ya chumba inamshinda", nusu ya darasa wakasema mkata ni mtu anayekata, labda fundi nguo. Wameona kukata wakaishia hapo, hawakusoma mbele. Kodi ya chumba inamshinda jamani, mtu wa namna hiyo tunamwitaje? Na hao hao wanasoma kurasa za michezo kila wiki, klabu fulani imekumbwa na ukata, wachezaji hawajalipwa, wanaelewa vizuri tu. Nilipowawekea ukata na mkata pamoja wakaguna. Mkwasi wakamalizia wenyewe, maana yuko upande wa pili wa mkata.

Ukishakisia usiling'ang'anie jibu lako. Lipachike kwenye sentensi uendelee kusoma, likianza kugoma aya ya pili libadilishe. Fundi nguo angegoma mapema sana.

Ila walimu wenzangu hapa mnisikilize, maana "kisia kwa muktadha" imegeuka jibu la mwalimu aliyechoka. Watafiti Hu na Nation walipima jambo hili mwaka 2000 kwa watu wanaojifunza Kiingereza, wakaona ili mtu aielewe hadithi vizuri bila msaada anatakiwa awe anajua kama asilimia 98 ya maneno yake, yaani geni moja katika kila 50. Kiswahili kina viambishi vinavyokusaidia, sawa, lakini viambishi navyo vina mwisho. Unampa mtoto wa kidato cha pili utenzi wa zamani, kila mshororo maneno matatu hajawahi kuyasikia kwao wala redioni, halafu unamwambia akisie, atakisia kwa kutumia nini wakati muktadha wenyewe ndo hauelewi? Hapo mpe kamusi, au msimulie kwanza kisa chenyewe, au tafuta shairi lingine.