Kugombana si mgogoro

Ukimwambia mtunzi chipukizi kwamba hadithi yake haina mgogoro, jibu huwa lilelile: "Mbona wanagombana tangu ukurasa wa kwanza?" Nimelisikia mara nyingi mno, na leo nalijibu kwa maandishi. Wahusika wanaweza kurushiana matusi kurasa tano nzima na msuko usisogee hata hatua moja, kwa sababu wakinyamaza kila mtu yuko palepale alipokuwa. Hakuna aliyepata, hakuna aliyekosa.

Mgogoro unataka vitu vitatu: mhusika anayetaka kitu cha kushikika, kizuizi chenye hoja yake, na hasara itakayompata akishindwa. Hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika zaidi.

Chukua mfano huu. Mama amefariki, ameacha cherehani na deni la hospitali. Rehema anataka cherehani iuzwe deni lilipwe. Mdogo wake, Zawadi, anataka ibaki. Rasimu ya kwanza huwa ni makelele: "Hukumpenda mama!" "Wewe ndiye uliyemtupa!" Haya ni malalamiko ya jana, na cherehani yenyewe imesahauliwa pembeni.

Sasa waondolee sauti. Mnunuzi amekuja na anataka kuijaribu. Zawadi ndiye anayetia uzi. Anaupitisha kila mahali isipokuwa kwenye vile visahani vinavyoukaza, kisha anampisha mnunuzi kwa heshima. Kitambaa kinapita, uzi unajikusanya chini yake mafundo mafundo. Mnunuzi anakunja uso. Rehema, aliyefundishwa kushona kwenye cherehani hiyohiyo, ameona ni wapi uzi haukupitishwa. Akisema, anamuumbua mdogo wake mbele ya mgeni. Akinyamaza, deni linabaki. Hakuna aliyepaza sauti, na hakuna njia isiyomgharimu. Huo ndio mgogoro, na wa nafsi umezaliwa ndani ya ule wa ndugu wawili bila mtunzi kuuongezea aya ya mawazo.

Ile orodha ya aina za migogoro, yaani mtu na mtu, mtu na nafsi yake, mtu na jamii, mtu na mazingira inamfaa mhakiki anayechambua kazi iliyokwisha. Mtunzi akianza nayo hujaza visanduku.

Kwa hadithi ya maneno kama 2,000, mgogoro mkuu mmoja unatosha. Nikifika neno la 300 bila kujua nani anataka nini, huwa nakata mwanzo, mara nyingi zile aya za mandhari na ukoo. Nakagua pia kama tatizo lingekwisha kwa sentensi moja ambayo mtu yeyote mwenye akili angeitamka. Likiwa hivyo, hapo pana kutoelewana tu, na msomaji atakasirika akigundua. Dawa ni kumpa mhusika sababu ya kutoitamka, kama Rehema alivyo nayo. Na usuluhisho hauna lazima ya kuwapatanisha watu. Unachodai ni uamuzi usiorudishika. Rehema akishaagana na mnunuzi, au akishautia uzi upya kwa mkono wake mwenyewe, hadithi imefika.

Kuhusu kilele, ile piramidi inayochorwa kila mahali, ya matukio yanayopanda hadi kilele kisha yanashuka, ilitoka kwa mwandishi Mjerumani Gustav Freytag mwaka 1863, naye alikuwa akichambua tamthilia za matendo matano. Kuibana hadithi ya kurasa sita ndani yake kunazalisha vilele vya kulazimisha: ajali, kifo, polisi mlangoni.

Kuna jambo bado linanisumbua. Wajapani wana muundo wa sehemu nne uitwao kishotenketsu: unaanzisha, unaendeleza, unageuza, unafunga. Ule mgeuko wa tatu hauhitaji mtu kupambana na yeyote. Unaweka picha nyingine kando ya ile ya kwanza, na msomaji anaziunganisha. Zipo siku naamini kwamba hata hapo mgogoro upo, ila umehamia kwa msomaji, kati ya alichokitarajia na alichoonyeshwa. Siku nyingine naona hiyo ni mbinu yangu ya kuokoa kanuni ninayoipenda, na kwamba hadithi inaweza kusimama bila mgogoro wowote. Sijaamua.