Chatu anayejivua gamba: unyevu wa asilimia 60 ni asilimia ya nini?

Chatu wa kufugwa akijivua gamba vipande vipande, ushauri anaopewa mwenye naye huwa ni ule ule: unyevu umepungua, nyunyizia maji. Wiki inayofuata anarudi na swali lile lile. Matandiko yamelowa chapachapa, gamba bado limeng'ang'ania shingoni, na sasa tumbo la nyoka limeanza kutoka malengelenge. Ushauri huu nimeusikia mara nyingi mno, na anayeumia ni mnyama ambaye hawezi kusema. Kila mtu anaitaja hiyo asilimia, lakini wachache wamejiuliza ni asilimia ya nini.

Unyevu wa hewa ni mvuke wa maji uliomo hewani. Namba inayosomwa kwenye kipimo cha kubandika ndani ya tangi, yaani lile sanduku anamofugwa nyoka, ni uwiano: mvuke uliopo, ukilinganishwa na mvuke mwingi kabisa unaoweza kuwemo katika hewa yenye joto hilo. Basi. Asilimia 60 haimaanishi kwamba zaidi ya nusu ya hewa ni maji, wala haisemi lolote kuhusu matandiko kuwa mabichi au makavu. Watu wakishalielewa hili, bado wanaruka yale maneno ya mwisho, "yenye joto hilo", na humo ndimo shida yote ilimo.

Hewa ya nyuzi 0 za sentigredi haiwezi kuwa na zaidi ya gramu 5 hivi za mvuke katika mita moja ya ujazo. Ya nyuzi 20 hufika gramu 17. Ya nyuzi 30 hufika 30. Sasa chukua hewa ya nje ya usiku wa Januari huko Ujerumani au Minnesota, nyuzi 0, imejaa mvuke kiasi kwamba kipimo kinasoma 100. Iingize ndani, uipashe moto mpaka nyuzi 30. Hakuna mvuke uliotoka. Lakini sasa una gramu 5 mahali panapoweza kubeba 30, na kipimo kinasoma asilimia 16 tu. Waswahili wanaoishi huko wanaijua hali hii kwa midomo yao inayopasuka kila hita zikiwashwa. Mombasa nako, kipimo kinachosoma zaidi ya 80 alfajiri hushuka jua likipanda, ingawa bahari ni ile ile na upepo wake ni ule ule.

Rudi kwenye tangi. Ninayemzungumzia ni yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, ambaye ndiye anayefugwa zaidi Ulaya na Marekani. (Kwa walio nyumbani: Kenya huwezi kumweka nyoka ndani bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa hiyo anza na hilo.) Tangi lake lina ncha mbili. Upande wa joto uwe na nyuzi 31 hadi 33, upande wa ubaridi 25 hadi 27, ili achague mwenyewe. Tuseme kipimo kimebandikwa upande wa ubaridi, kwenye nyuzi 25, nacho kinasoma 60. Hapo pana gramu 14 hivi za mvuke. Hewa ile ile ikifika upande wa joto, kwenye nyuzi 32, inaweza kubeba gramu 34. Kumi na nne katika thelathini na nne ni asilimia 41. Mfugaji anasema kweli kabisa kwamba tangi lake lina 60, na nyoka wake anashinda kwenye 41.

Ndiyo maana nasikitika nikiona joto na unyevu vinaelezwa kama mambo mawili yasiyohusiana. Mtu anaambiwa apandishe joto ili gamba litoke haraka. Anaweka taa kali juu ya mfuniko wa wavu, hewa ya moto inapanda na kutoka na mvuke wake, na nyoka anazidi kukauka. Mwingine anagundua kwamba akizima joto kipimo kinapanda, anafurahi. Namba imependeza, lakini nyoka hana joto lake mwenyewe la mwili. Akipoa, kazi ya kutengeneza ngozi mpya inazorota, na baridi ikikutana na majimaji ugonjwa wa mapafu hauko mbali.

Na kazi hiyo ni ya kutazamwa kwa makini. Ngozi mpya hukamilika chini ya gamba la zamani kabla halijatoka. Kati ya tabaka hizo mbili hupita majimaji, rangi ya nyoka inafifia, na macho yanakuwa na ukungu wa bluu, kwa sababu nyoka hana kope: jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu, nalo huvuliwa pamoja na mengine. Siku chache baadaye macho yanang'aa tena. Wengi hudhani shughuli imekwisha, kumbe ndipo inakaribia. Anasugua pua kwenye jiwe au gogo, gamba linachanika midomoni, halafu anatambaa akitoka, nalo linageuka ndani nje kama soksi inayovuliwa. Hewa ikiwa kavu siku hizo, gamba la juu hukauka likagandamana na la chini.

Gamba lililotoka liokote uliinue kwenye mwanga. Kichwani utafute viduara viwili angavu, vifuniko vya macho. Palipo na tundu tupu, kifuniko kimebaki jichoni. Usikibandue kwa kucha wala kibanio, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia. Kisha tazama ncha ya mkia. Pete ya gamba iliyobaki pale hukauka, hubana, huzuia damu, na ncha inaweza kufa.

Huko kwao Ghana, Togo na Benin nchi ni ya nyasi, na harmatani, ule upepo mkavu wa kutoka Sahara, ikivuma hewa hukauka kweli. Chatu huyu hadhuriki, kwa kuwa mchana hushinda kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, ambamo hewa ina mvuke ingawa udongo haujarowa. Shimo hilo ndilo la kuiga. Chukua kisanduku cha plastiki chenye mfuniko, toboa mlango, weka ndani chenga za makumbi ya nazi zilizoloweshwa zikakamuliwa mpaka ukizifinya hazitoi tone. Kiweke katikati, kikielekea upande wa joto. Kwingine kote pawe pakavu kwa kuguswa. Funika sehemu ya wavu wa juu, acha matundu hewa ipite. Siku za kawaida tangi lisome 55 hadi 60. Macho yakiingia ukungu, 65 hadi 75, na chanzo cha joto kiongozwe na themostati, si kuwashwa na kuzimwa kwa mkono.

Kwa hiyo rafiki akikuambia tangi lake lina 60 na gamba bado limekwama, mwache aiweke chini kwanza ile chupa ya kunyunyizia. Muulize kipimo amekibandika upande gani, na hapo pana nyuzi ngapi.